Fremu ya Mwanamke wa Dirishani

Sehemu ya Kumi na Moja

Mkono ule, msomaji wangu, tuliuacha wiki iliyopita ukiwa begani mwa Fundi.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, shika haya machache twende. Fundi ni mwanamke anayetengeneza fremu za picha, kazi aliyoachiwa na baba yake. Yuko ugenini, katika mji mkongwe wenye jumba la sanaa kila mtaa, akizunguka na mama mkwe wake. Siku ya pili, jumba la tatu, amesimama mbele ya picha inayopendwa kuliko zote mjini, Mwanamke wa Dirishani. Kibao ukutani kinasema fremu yake ina umri wa miaka mia mbili. Lakini Fundi, alipoinama, ameona kovu dogo kama punje ya mchele kwenye kona ya chini, kushoto.

Kovu hilo alilifanya yeye. Patasi ilimteleza mwaka jana, karakanani kwake, akaliziba kwa nta na unga wa mbao.

Hapo ndipo mkono ukamtua begani.

"Dada, rudi nyuma hatua mbili."

Alikuwa mlinzi. Mwanamke mnene wa makamo, redio ya mawasiliano kiunoni. Alionyesha kwa kidole mstari mweupe uliochorwa sakafuni.

"Samahani," Fundi akasema, akirudi nyuma.

Mlinzi hakuondoka. Akasogea karibu zaidi, akashusha sauti.

"Lakini nikuulize. Pale konani kuna nini?"

"Kwa nini?"

"Miaka tisa nalinda chumba hiki. Watu wanakuja kumtazama yule mwanamke. Wewe ni wa pili wiki hii kuinamia kona."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Bwana mmoja mrefu, jana asubuhi. Alipiga magoti kabisa kama anatafuta kifungo. Saa yake kaivaa mkono wa kulia."

Mume wa Fundi ni mrefu. Mumewe anatumia mkono wa kushoto, na saa yake huivaa kulia.

Na mumewe, kwa kadiri Fundi alivyojua, alikuwa nyumbani.

* * *

Huyo mume watu wanamwita Mzigo, maana ni wakala wa kusafirisha mizigo. Ndiye aliyeleta kazi ile. "Mteja wangu ana hoteli," alisema, "anataka fremu ya mtindo wa kizamani, hivi na hivi." Akaleta hadi vipimo na mbao kuukuu. Baada ya hiyo akaleta kazi nyingine, na nyingine, fremu tupu tu, zote za hoteli hiyo hiyo isiyojaa fremu.

Safari hii hakuitaka. "Ahirisheni mpaka mwezi ujao," alisema mara tatu. Mama yake ndiye aliyegoma. "Magoti yangu hayajui habari za mwezi ujao," alimjibu, akaanza kufungasha.

Fundi alivyokumbuka maneno hayo, akaondoka kumtafuta mama mkwe.

Alimkuta mama mkwe chumba cha pili, kwenye benchi, viatu amevivua. Huyu wote wanamwita Mwalimu, hata wajukuu. Alifundisha kuchora shuleni miaka thelathini na picha za majumba haya alizijua kwa vitabu tu. Sasa alikuwa anazisahihisha.

"Mwone huyu jemadari," alisema. "Farasi kamchora vizuri, jemadari mwenyewe mkono kama mchi. Kwangu angepata nne kwa kumi."

"Mama, natoka kidogo nje. Napiga simu."

"Unampigia nani?"

"Nyumbani."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Nyumbani kuna nini cha haraka hivyo?"

Fundi alipita ukumbi wa sanamu zisizo na mikono, akapita mahali wageni wanapoacha mikoba, akatokea uani penye bomba la maji na ngazi za mawe. Akapiga.

"Mke wangu!" Mzigo aliitika kwa furaha. "Mnaendeleaje?"

"Salama. Uko wapi?"

"Nitakuwa wapi? Niko hapa karakanani kwako. Nafagia fagia."

Fundi alifikiri haraka. Akalainisha sauti.

"Afadhali. Hebu niangalizie ile patasi yangu ya mpini mwekundu. Isije ikaota kutu."

"Ipo hapa mezani."

"Unaiona?"

"Nimeishika kabisa. Tena nitaipaka mafuta."

"Ahsante, baba," Fundi akasema, na simu akaikata.

Patasi ya mpini mwekundu alimwazima jirani yao seremala, asubuhi ile ya safari. Haikuwapo mezani. Haikuwapo karakanani.

Wala Mzigo hakuwapo.

* * *

Alipogeuka, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Umeongea na mwanangu."

"Ndiyo, mama."

"Na uso umekushuka. Nikae hapa nisikilize uongo, au utaniambia?"

"Hakuna kitu, mama."

"Sikiliza wewe. Asubuhi uliniambia hujawahi kusikia habari za Mwanamke wa Dirishani. Nimekuchungulia pale. Umeinama kama mtu aliyeona jina lake. Unanificha nini?"

Fundi akachemka. "Na wewe mama unanificha nini? Jana kwenye lile jumba dogo la vinyago ulisimama ghafla ukaniambia tutoke. Tulikuwa hatujamaliza hata chumba kimoja. Ulimwona nani?"

Mwalimu aliketi kwenye ngazi.

"Nilimwona mgongo," akasema.

"Mgongo wa nani?"

"Mama hasahau mgongo wa mwanawe. Nimeubeba, nimeuosha. Alikuwa nyuma ya ile sanamu ya mwanamke na mtungi. Nikaona nikikuambia nitaleta balaa. Nikasema huyu kamfuata mkewe, anamshuku ana mwanamume huku."

"Mimi?"

"Ndiyo maana jana sikula na wewe vizuri."

Katika wakati mwingine wangecheka. Fundi aliketi kando yake akamweleza yote: kovu, mbao kuukuu, hoteli isiyojaa, saa ya mkono wa kulia, patasi ya seremala. Mwalimu alisikiliza huku akifunga kamba za viatu polepole, moja, halafu ya pili.

"Kwa hiyo picha halisi imeibwa," alisema. "Wametundika ya bandia, na fremu yako ndiyo iliyoifanya ifanane."

"Ndivyo ninavyoogopa."

"Na wakianza kuchunguza?"

"Wataanza na fremu, mama. Kila fundi ana mkono wake. Watanijia mimi kwanza."

Mwalimu alisimama kutoka kwenye ngazi. Mgeni mmoja alipita akipiga picha bomba la maji.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Mwalimu akasema. "Kama ameiba, nitampeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Twende tukamwone mkubwa wa hapa kabla hawajatutangulia."

* * *

Mlinzi yule yule aliongea kwenye redio yake maneno machache. Hazikupita dakika tano, wakaambiwa mkurugenzi anawasubiri.

"Dakika tano?" Mwalimu alinong'ona wakipanda ngazi. "Mimi afisa elimu nilimsubiri miaka mitatu."

Fundi naye lilimgusa hilo. Jumba kubwa vile, na mkubwa wake hana kazi?

Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwembamba, nywele fupi zenye mvi. Mezani kwake kulikuwa na glavu nyeupe za pamba na futi ya chuma. Aliwakaribisha viti, akaufunga mlango mwenyewe.

"Nimeambiwa unaijua fremu yetu."

"Naijua," Fundi akasema. "Kona ya chini kushoto kuna kovu. Limezibwa kwa nta. Nyuma ya mbao ya juu kuna matundu mawili ya misumari ya zamani ambayo hayana kazi. Na kiungo cha kulia kimepigwa gundi mara mbili, maana mara ya kwanza mvua ilinyesha haikukauka."

Mkurugenzi hakupepesa jicho. "Endelea."

"Haina miaka mia mbili. Haina hata miaka miwili. Na kama fremu ni mpya, mama mkurugenzi, basi mchunguze na picha. Nadhani mmeibiwa."

Hapo mkurugenzi akafanya jambo ambalo hawakulitarajia.

Alicheka.

"Picha ni yenyewe," akasema. "Inapimwa kila mwaka. Fremu ya zamani ililiwa na wadudu hadi ikawa unga. Ukiigusa inaanguka. Tuliagiza nyingine inayofanana nayo. Kibao pale chini hatukukibadilisha, na hilo ni kosa letu, nakubali. Wageni wanapenda kuambiwa miaka mia mbili."

Mwalimu akajipiga paja.

"Kumbe! Basi mwanangu hakuiba kitu! Ni kichwa chake tu kizito, angesema tangu mwanzo ni kazi ya makumbusho!"

"Kazi ile ni nzuri mno," mkurugenzi akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama mtu anayepima ardhi kwa mguu. "Nilitaka kumwona aliyeifanya, nimshike mkono. Nikamwomba wakala anipeleke kwake. Kwa bahati mbaya nilichelewa."

"Ulichelewa vipi?" Fundi akauliza.

"Fundi alishafariki."

Mwalimu akamgeukia Fundi.

"Mume wake, huyo wakala, aliniletea cheti cha kifo. Nimekihifadhi hapa. Nilituma shada la maua."

Fundi alijisikia kucheka na kulia kwa pamoja. Akajikaza kisabuni.

"Mama mkurugenzi," akasema, "aliyetengeneza fremu ile ni mimi."

Mkurugenzi alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena. Halafu akatia ufunguo kwenye kitasa cha droo ya meza, akazungusha, akachomoa.

"Nipeni dakika moja," akasema, akatoka.

Walimsikia akiongea nyuma ya mlango. Hawakuyapata maneno, ila sauti ilikuwa ya mtu anayepewa maagizo, na yeye ndiye mkubwa wa jumba.

"Amefunga droo kwa nini?" Fundi akauliza.

"Kwa sababu ana shaka nasi," Mwalimu akajibu. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani.

Mlango ukafunguka. Mkurugenzi alitabasamu kwa midomo tu.

"Nifuateni. Kuna kitu mnapaswa kukiona."

* * *

Walishuka kwa ngazi za nyuma, zile za wafanyakazi, wakapita korido yenye makasha ya mbao yaliyobandikwa karatasi za mizigo. Mwisho wa korido kulikuwa na kamba nyekundu na tangazo: chumba kimefungwa, maonyesho mapya yanaandaliwa. Mkurugenzi aliifungua kamba.

Rangi ya ukuta ilikuwa bado inanuka. Kulikuwa na ngazi mbili, ndoo, na turubai sakafuni.

Na ukutani, kutoka mwanzo wa chumba hadi mwisho, zilitundikwa fremu. Fremu arobaini na ushei. Zote tupu. Hazikuwa na picha hata moja, ukuta mweupe tu ndani yake.

Fundi alizijua zote, moja moja.

Ile ya majani aliichonga akiwa na homa, akiweka patasi chini kila mara ajifunike shuka. Ile nyembamba alikuwa anaipiga msasa bintiye alipokuja na matokeo ya mtihani. Ile nyeusi iligombana naye wiki nzima. Yeye alidhani ziko kwenye korido za hoteli, zimezunguka picha za matunda.

"Kazi za mwisho," mkurugenzi akasema. "Tunafungua Jumamosi. Watu wanatoka mbali kuja kuziona. Fundi aliyekufa anatafutwa kuliko aliye hai, ndivyo ulivyo ulimwengu wetu."

Ukuta wa mwisho kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke. Ilikatwa kutoka picha ya harusi ya wifi yake, bega la mtu mwingine bado lilionekana. Mwanamke huyo alikuwa Fundi. Chini yake maandishi. Mwalimu aliyasogelea akayasoma kwa sauti yake ya darasani.

"Aliishi kimya, akafanya kazi kimya, akaondoka kimya." Akageuka. "Kimya? Wewe?"

Fundi alikuwa anasoma mwaka wa kuzaliwa, ulio sahihi, na mwaka wa kufa, ambao ulikuwa huu huu tulio nao.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ngazi kubwa.

"Picha ya marehemu ipandisheni kidogo. Imekaa chini mno."

Sauti ile Fundi aliisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na saba ikiuliza soksi ziko wapi.

Hakuogopa. Hilo lilimshangaza mwenyewe. Alihisi hasira ya mtu aliyekuta viatu vyake miguuni mwa mwingine.

"Iacheni hapo hapo," akasema kwa sauti. "Marehemu amekuja kujiangalia."

Mzigo alitoka nyuma ya ngazi. Suti mpya. Saa mkono wa kulia. Fundi alimsubiri apigwe na butwaa, amwone atoe macho, adondoshe karatasi alizoshika.

Mzigo hakudondosha kitu. Alimtazama mkewe kama mtu anayetazama mvua aliyoitabiri. Kisha akamgeukia mkurugenzi, na uso wake ulijaa huzuni nzuri kabisa.

"Si niliwaambia asubuhi?" akasema kwa upole.

"Uliniambia," mkurugenzi akajibu.

"Uliambiwa nini?" Fundi akafoka.

"Kwamba utakuja," Mzigo akasema. "Jana nilikuona kwenye jumba la vinyago, nikajua leo utafika hapa." Akamwambia mkurugenzi, "Ni pacha wa marehemu. Tangu tumzike dada yake, akili haijatulia. Anaamini yeye ndiye. Anajiita mke wangu hata mbele ya watoto. Tunampenda, lakini tumechoka."

Fundi akaelewa. Mwalimu alipouona ule mgongo jana, mwenye mgongo alikuwa ameshaziona sura zao.

"Nina pasi yangu ya kusafiria!" akapiga kelele, akifungua mkoba.

"Atawaonyesha pasi ya marehemu," Mzigo akasema. "Aliitoa kabatini siku ya mazishi."

Pasi ikabaki mkononi mwa Fundi.

"Basi nipeni mbao! Nipeni patasi! Nitachonga mbele yenu sasa hivi!"

"Na atachonga vizuri," Mzigo akasema, akitikisa kichwa. "Baba yao aliwafundisha wote wawili."

Kila mlango Fundi aliotaka kutokea, Mzigo alikuwa ameshautia komeo. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakipaka rangi walishusha brashi zao. Mkurugenzi alisogea hatua moja mbali na Fundi, kiasi kidogo tu, kama mtu anayempisha mgonjwa.

"Mimi sina haja ya kubishana na yeyote," mkurugenzi akasema. "Kuna mtu mmoja humu anayewajua wote wawili." Akamgeukia Mwalimu. "Bibi, huyu bwana aliniambia asubuhi kuwa wewe ni mama yake mzazi."

"Ndimi," Mwalimu akasema.

"Na huyu mwanamke anasema wewe ni mama mkwe wake. Niambie wewe. Huyu ni nani?"

Fundi alikaribia kucheka kwa ahueni. Mwalimu! Aliyegoma kuahirisha safari, aliyesema nitampeleka kwa mkono wangu! Fundi alimtazama mama mkwe wake kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake.

"Waambie, mama."

Mzigo hakusema maneno mengi. Alisema neno moja tu, taratibu, kwa sauti ya mtoto.

"Mama."

Mwalimu alivua miwani. Akaifuta kwa kitambaa, kioo kimoja, halafu cha pili. Akaitazama picha kubwa ukutani, akamtazama mwanawe, na kwa muda mrefu sana hakumtazama Fundi.

Halafu akavuka chumba. Viatu vyake vilikanyaga turubai bila kutoa sauti. Akaenda kusimama kando ya Mzigo, akamshika mkono, ule wenye saa.

"Mwanangu anasema kweli," akasema. "Mke wake tulimzika."